Jino la skrubu: nipandikize matatu, au moja latosha?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 54. Magego mawili ya chini kushoto niling'olewa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Mwaka jana nilianguka bafuni nikapoteza jino moja la mbele la juu. Sasa navaa jino la plastiki la kuvua na kuvaa, lakini linacheza. Nikiwasomesha darasa la kwanza silabi, nikifika "fa" na "va" naona kama litaruka. Nina kisukari, natumia vidonge. Kliniki moja imenishauri nipandikize meno matatu ya skrubu kwa mpigo, tena wamenielekeza nichukue mkopo wa mshahara. Kijana wangu anasema bora niende India. Naomba kujua: mwili hautayakataa? Yatadumu maisha? Nifanye au niache?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Nianze na jibu lenyewe, maana huenda fomu ya mkopo iko mezani. Kwa haya uliyonieleza, mimi nisingepandikiza matatu. Ningeshughulikia jino la mbele, na hata hilo si wiki hii. Pengo la magego ningeliacha kama lilivyo mpaka nijiridhishe kwamba linakusumbua wewe, si kwamba linaonekana baya kwenye picha ya eksirei. Sababu zake ni ndefu kidogo, univumilie.

Hofu ya mwili kukataa jino naisikia karibu kila siku, na nadhani inatokana na habari za watu waliopandikizwa figo. Hapa mambo ni tofauti. Skrubu ya jino, ile inayopandikizwa ndani ya mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia, ni titani, madini ambayo mwili hauyahesabu kuwa kiungo cha mtu mwingine. Jambo hili liligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952, huko Lund, Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa vifaa vidogo vya titani. Utafiti ulipokwisha akataka kuving'oa avitumie tena, kwa kuwa vilikuwa ghali. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umevikamata kama sehemu yake. Mwaka 1965 akamwekea skrubu mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya na hakuwa na meno ya chini. Larsson alikula kwa skrubu hizo mpaka alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Madaktari wengi hawakumwamini Brånemark mpaka mkutano wa Toronto wa mwaka 1982, alipoweka matokeo ya wagonjwa wake wa miaka mingi mbele yao.

Kwa hiyo hutapewa dawa za kuzuia mwili kukataa, na hutaishi kwa wasiwasi huo. Ila usije ukaelewa kwamba skrubu haishindwi. Hushindwa, ingawa si kwa njia unayoiogopa.

Kushindwa kwa mapema hutokea miezi ya mwanzo: mfupa haushikani na skrubu, ikabaki inacheza, ikatolewa. Huenda mfupa uliungua wakati wa kutoboa. Mfupa ukifikishwa nyuzi joto 47 kwa dakika moja tu, sehemu ile hufa. Ndiyo maana daktari makini hutoboa taratibu, kwa kekee kali, huku maji ya chumvi yakimwagika muda wote. Huenda pia vijidudu viliingia, au jino lilianza kutafunia kabla mfupa haujawa tayari, au mgonjwa anavuta sigara, au sukari iko juu. Hilo la mwisho ndilo lako, nitalirudia.

Kushindwa kwa baadaye ndiko ninakokuogopa zaidi, kwa sababu huja kimya. Jino la kuzaliwa nalo halijagandishwa kwenye taya. Limeshikiliwa ndani ya tundu lake na nyuzi ndogo nyingi mno, kama kitanda cha kamba: linabonyea kidogo ukitafuna, linakuambia mara moja ukikutana na chembe ya mchanga kwenye wali, na ufizi umefungwa nalo kwa nguvu kiasi kwamba vijidudu havipenyi kirahisi. Skrubu haina nyuzi hizo. Imekaa moja kwa moja kwenye mfupa, na ufizi umeikumbatia tu kwa nje. Ukoga ukikaa pale shingoni, vijidudu hushuka pembeni ya skrubu na kuula mfupa polepole. Mara nyingi hakuna maumivu. Unachoona ni damu kidogo ukipiga mswaki, labda harufu, na siku moja jino linaanza kutikisika, na hapo mfupa mwingi umeshakwenda. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinakadiria kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 waliopandikizwa hupata ugonjwa huu kwa kiwango fulani. Wakati huohuo, ukihesabu skrubu zenyewe, takribani 95 kati ya 100 bado ziko mdomoni baada ya miaka 10. Matangazo hukupa hesabu hii ya pili peke yake.

Kuhusu kudumu maisha, tenganisha vitu viwili. Skrubu ndani ya mfupa inaweza kudumu maisha yako yote ikitunzwa. Kofia ya juu, ile inayoonekana kama jino, ni kifaa kinachochakaa kama kingine chochote. Baada ya miaka 10 au 15 usishangae ikihitaji kubadilishwa, na gharama yake italipwa upya.

Sasa nikuulize mimi, Mwalimu. Yale magego mawili yaling'olewa kwa sababu gani? Kama yalitoboka ukakosa nafasi ya kuyaziba, hiyo ni habari moja. Lakini kama yalianza kulegea yenyewe, bila kutoboka, hiyo ni dalili ya ugonjwa wa fizi. Mtu aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi yumo kwenye kundi lenye hatari kubwa zaidi ya kupoteza skrubu, kwa kuwa vijidudu ni vilevile na mdomo ni uleule. Ukichanganya na kisukari, ambacho nacho huchochea ugonjwa wa fizi, kuna kazi ya kufanya kabla ya mtu yeyote kushika kekee. Kliniki iliyokushauri skrubu tatu, je, walipima fizi zako? Namaanisha kupima kweli, kile kijiti chembamba chenye alama za milimita kinachopitishwa kuzunguka kila jino, huku mtu akiandika namba. Hujataja, na mgonjwa aliyepimwa hivyo kwa kawaida hasahau.

Kisukari hakikuzuii. Nasisitiza kwa sababu wapo wagonjwa wanaofukuzwa bure. Kinachozuia ni kisukari kisichodhibitiwa. Omba kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Kile cha kutoboa kidole asubuhi hakitoshi. Kikiwa chini ya asilimia 7, mimi huendelea bila shaka nyingi. Kati ya 7 na 8 nazungumza kwanza na daktari wako wa kisukari. Kikizidi 8 naahirisha, kidonda kitachelewa kupona na mfupa utachelewa kushika. Na usafishaji mzuri wa fizi unaweza wenyewe kushusha HbA1c kidogo, kwa hiyo pesa ya kusafisha haipotei hata ukiamua kutopandikiza chochote.

Kama umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge au za sindano, au umewahi kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, mwambie daktari kabla hajaanza. Dawa hizo na mionzi hiyo vinaweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya upasuaji. Hukuvitaja, nami nataka uwe na hakika.

Tuje kwenye jino la mbele. Hapa nakuelewa kabisa, maana mwalimu wa darasa la kwanza anafundisha kwa mdomo wake, na "fa" na "va" hutamkwa kwa kugusisha mdomo wa chini kwenye ncha za meno ya juu. Jino likicheza, somo limeharibika. Halafu lile bamba la plastiki linalofunika kaakaa linabadilisha hata "sa" na "tha".

Tatizo ni mfupa. Jino likitoka, ukingo wa taya uliokuwa umelizunguka huanza kuyeyuka. Katika miezi 12 ya kwanza upana wake unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Mbele juu hali ni ngumu zaidi, kwani ukuta wa nje wa mfupa huko mara nyingi haufiki hata milimita 1. Wewe umepita mwaka, na uliumia kwa kuanguka, kwa hiyo yawezekana ukuta huo haupo. Skrubu ya kawaida ina kipenyo cha milimita 3.5 hadi 4 hivi, na inataka mfupa pande zote. Bila picha ya CT ya taya, ile ya pande tatu, hakuna anayeweza kukuambia kama upo wa kutosha. Eksirei bapa inaonyesha urefu, haionyeshi unene.

Mfupa usipotosha, huongezwa. Mara nyingi hutumika unga wa mfupa wa ng'ombe uliochakatwa, au mfupa wako mwenyewe, kisha hufunikwa na utando wa kolajeni, yaani protini inayotolewa kwa mnyama. Kwa msomaji Mwislamu naomba asikie hili: nyingi ya tando hizo sokoni hutokana na nguruwe. Za ng'ombe zipo pia. Uliza kabla, daktari hatakasirika, na kama hajui asome boksi.

Kabla hujaamua skrubu, kuna njia moja ambayo sioni ukiitaja na nashuku hukuambiwa: daraja la kubandika. Ni jino moja lenye bawa dogo jembamba, linalogundishwa nyuma ya jino la jirani. Halichongi jino zima kama daraja la kawaida, ambalo kwa pengo moja hutaka meno mawili mazima yapunguzwe kuwa vijiti ili yavalishwe kofia. Halihitaji upasuaji, halihitaji mfupa, na kisukari hakilihusu sana. Gharama yake ni sehemu tu ya ile ya skrubu. Ubaya wake ni kwamba linaweza kubanduka, nalo hubandikwa tena, na ufizi ulioporomoka utaacha jino likionekana refu kidogo. Kwa jino moja la mbele, kwa mtu ambaye hasagi meno usiku na ana jirani mzima, mimi huliweka mezani sawa na skrubu. Ningekuwa na mgonjwa mwenye HbA1c ya 9 na ratiba ya vipindi kila siku, ningemfanyia hili mwaka huu na skrubu tungeizungumza baadaye. Ila ulianguka, hivyo meno ya jirani lazima yapimwe kama mishipa yake bado hai. Jino lililopigwa linaweza kufa taratibu bila kuuma.

Ukichagua skrubu, omba kofia inayofungwa kwa kiskrubu badala ya kugundishwa kwa saruji ya meno, pale pembe ya skrubu inaporuhusu. Saruji iliyobaki chini ya ufizi ni moja ya visababishi vya ule ugonjwa wa kimya, na kofia inayofunguka hukaguliwa kwa urahisi.

Magego sasa. Wengi wetu tulifundishwa chuoni kwamba kila pengo lazima lizibwe. Kisha daktari wa meno Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akauliza mtu anahitaji meno mangapi hasa, akaonyesha kwamba wengi huishi vizuri hata kama baadhi ya magego hayapo. Na swali hilo limepimwa hapa kwetu. Utafiti uliofanywa Tanzania na Paulo Sarita na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003, ulichunguza watu wazima zaidi ya 700 waliokuwa wamepoteza magego, watu wanaokula vyakula vyetu vigumu, si mkate laini wa Ulaya. Waliobaki na magego madogo yote (yale yanayofuata baada ya chonge) na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walikuwa na uwezo wa kutosha wa kutafuna. Waliobakiwa na pungufu sana ya hapo ndio waliotaabika.

Wewe hukusema kwamba kula kunakushinda. Ulichosema ni matamshi. Kama upande wa kulia magego ya juu na ya chini yanakutana, na magego madogo yapo pande zote, huenda umeshazoea na unatafuna mahindi ya kuchoma kama mtu mwingine yeyote. Tena baada ya miaka 10 kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa: magego ya juu kushoto, kwa kukosa wenzao wa kugusana nao, huenda yameshuka kuelekea kwenye pengo. Yakishuka sana, nafasi ya kofia haipo, na mtu atakuambia yachongwe au yang'olewe. Hapo mkopo unaanza kuzaa mkopo. Mfupa wa chini nao utakuwa umepungua, na ndani yake unapita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu. Skrubu hutakiwa ikae angalau milimita 2 juu ya mshipa huo. Ukiguswa, ganzi ya mdomo inaweza kubaki miezi, wakati mwingine maisha, nayo kwa mwalimu ni msiba mkubwa kuliko pengo lisiloonekana. Ikithibitika kwamba kweli unahitaji kutafunia kushoto, skrubu moja mahali pa gego la kwanza mara nyingi inatosha. Sioni hoja ya mbili.

India ina madaktari wazuri wa meno, sina neno nao. Shida ni umbali na muda. Kwa kawaida skrubu huwekwa, ikasubiri miezi 3 hadi 6, ndipo kofia ifungwe. Hizo ni safari mbili, achilia mbali za kuongeza mfupa. Akikuahidi mtu kumaliza yote kwa wiki moja, kwa pengo la mwaka mzima na kisukari juu yake, mwulize picha ya mfupa wako ameiona wapi. Halafu kiskrubu kikilegea miaka 4 baadaye, daktari wa hapa lazima ajue ni skrubu ya kampuni gani, kwa sababu bisibisi na vipuri haviingiliani. Popote utakapofanyia, dai kadi yenye jina la kampuni, kipenyo, urefu na namba ya toleo la skrubu. Ihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Nimeona wagonjwa waliolazimika kukatwa kofia nzima kwa sababu tu hakuna aliyejua kilichomo chini yake.

Bei ni hesabu ya mamilioni kwa jino moja, na hutofautiana sana. Kinachowaponza watu ni kutajiwa bei ya skrubu peke yake. Ipo skrubu, kipo kiunganishi cha skrubu na kofia, ipo kofia, ipo picha ya CT, upo mfupa wa kuongeza, na kuna kusafishwa kila miezi 6 baada ya hapo. Waandikie wakujibu kwa maandishi: bei hii inamalizia wapi, na skrubu isiposhika ndani ya mwaka wa kwanza nani analipa? Uliza pia atakayepasua ni nani, amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na atakuwepo mwakani au anakuja na kuondoka. Kliniki inayokuharakisha kwa sababu "ofa inaisha Ijumaa" iache na ofa yake.

Siku ya kazi ikifika, chagua asubuhi, kunywa chai na kula kama kawaida, meza vidonge vyako, beba mashine ya kupimia sukari kama unayo. Usije na njaa; sukari kushuka ukiwa kwenye kiti ni hatari kuliko upasuaji wenyewe. Ni sindano ya ganzi ileile ya kung'olea jino, na wengi huniambia kung'oa kuliuma zaidi. Utavimba siku 2 au 3, nyuzi za kushonea zitatolewa baada ya siku 7 hadi 10. Omba ruhusa ya wiki moja, na usirudi darasani siku ya pili ukapaza sauti.

Kwa vyovyote utavaa hilo jino la plastiki miezi kadhaa zaidi, kwa hiyo lirekebishwe sasa. Linacheza kwa sababu ufizi umenyauka chini yake. Fundi wa maabara ya meno anaweza kulijazia upande wa ndani au kuongeza kikulabu cha waya, na hiyo ni kazi ndogo. Lisugue kwa sabuni ya maji na brashi laini, si dawa ya meno, kwani dawa ina chembe zinazolikwaruza na vijidudu vikajificha humo. Livue usiku, lilaze kwenye kikombe cha maji safi ya baridi; mtu mwenye kisukari anayelala nalo hupata fangasi wa kaakaa kwa urahisi. Na likivunjika, tafadhali usiligundishe na gundi ya dukani. Weka vipande vyote kwenye bahasha uvipeleke, hata kile kidogo kabisa.